Mbolea ni chumvi: jibu kwa msomaji wa Mkomani

SWALI

Asalaam aleikum mwalimu. Naishi Mkomani, Lamu, katika nyumba ya mawe tuliyoachiwa na bibi. Mwezi wa Januari wifi yangu aliniletea maua sita kutoka Malindi: pothosi mbili, sanseviera, zamia, kangaga na krotoni. Nina pia mwasumini wa zamani, uko darini ndani ya pipa. Sasa pothosi zinapukutisha majani, kangaga limekauka ncha, mwasumini unatoa majani mapya ya manjano yenye mishipa ya kijani, na udongo wa vyungu umefanya utandu mweupe. Jirani akaniambia maua yana njaa, akanigawia mbolea ya DAP iliyobaki shambani kwake. Nilitia konzi moja kwenye krotoni, siku ya nne ikawa imekwisha. Nimeogopa kuendelea. Nieleze kama mtu asiyejua kitu: mbolea gani, kiasi gani, mara ngapi? Na mavi ya punda yanafaa? Maana hayo hatununui.

JIBU

Wa alaikum salaam, mwanangu. Pole kwa krotoni. Nianze na maiti, kisha tuwarudie wagonjwa, maana kilichomuua huyo mmoja ndicho kinachowanyemelea waliobaki.

Krotoni haikufa kwa sumu, na DAP uliyopewa haikuwa mbovu. Ilikufa kwa kiu huku imekaa kwenye udongo uliolowa. Bila shaka umemwona papa anavyotengenezwa ng'onda: anapasuliwa, anatiwa chumvi, na baada ya muda maji yanamtoka bila kukamuliwa na mtu. Chumvi huyavuta maji yaje iliko. Sasa mbolea ya dukani, iwe nyeupe, ya kijivu au ya waridi, nayo ni chumvi. Si ile ya kupikia, lakini kwa mzizi ni ukoo mmoja. Ikiwa kidogo, mzizi huinywa pamoja na maji na mmea ukanufaika. Ikizidi, maji yaliyomo ndani ya mzizi hutoka kuifuata. Majani hukauka ncha, halafu kingo, halafu jani zima, na mmea ukawa ng'onda ungali umesimama.

Tuipigie hesabu ile konzi. Konzi ya mtu mzima hubeba gramu 40 hivi za DAP. Kipimo nitakachokupa huko chini ni gramu 1 kwa lita ya maji, na chungu cha lita 3 hunyweshwa nusu lita, yaani nusu gramu ya mbolea kwa mwezi. Kwa hiyo krotoni ililishwa chakula cha miezi 80 kwa kikao kimoja. Ni zaidi ya miaka sita! Tena DAP ina lake jambo: ikiyeyuka hutoa amonia, ile harufu inayochoma pua zizini, na kwenye udongo wenye chokaa hutoka nyingi zaidi. Mizizi michanga haiivumilii.

Usijilaumu sana. Mwaka wangu wa kwanza wa kitalu hapa Malindi niliunguza makangaga kumi na mawili kwa urea, na nilikuwa nimeyafuata maandishi ya mfuko neno kwa neno. Nilichokuwa sijakifahamu ni kwamba maandishi yale ni ya shamba. Shambani mvua huosha ikapeleka chini, na mzizi ukiona mahali pamekuwa pakali hugeukia kwingine. Mzizi wa chunguni utakwenda wapi?

Sasa lile neno la jirani, kwamba maua yana njaa. Nia yake njema, lakini njaa ya mmea haiponi kwa mbolea, kwa sababu mbolea si chakula cha mmea. Mmea hujipikia wenyewe kwa mwanga, maji na hewa. Mbolea ni viungo. Mwanamke wa Lamu hahitaji kufundishwa kwamba pilau bila mchele haiokolewi na bizari, na katika nyumba ya mawe mchele unaokosekana mara nyingi ni mwanga.

Jambo hili lina historia. Mjerumani Carl Sprengel aliliandika mwaka 1828, na mwenzake Justus von Liebig akalieneza kuanzia mwaka 1840: kwamba mmea hukua kwa kadiri ya kile kilichopungua kuliko vyote, si kwa kadiri ya vilivyojaa. Waliokuja baada yao walilichora kama pipa la mbao zisizolingana urefu. Ujaze utakavyo, maji yatamwagikia kwenye ule ubao mfupi. Ukiongeza mbolea wakati ubao mfupi ni mwanga, unairefusha mbao ambayo tayari ni ndefu, na ile ya ziada hubaki udongoni ikawa chumvi tu.

Nyumba zetu zilijengwa kulikimbia jua, na zimefaulu. Kuta za mawe ya matumbawe zina unene wa karibu nusu mita, na vyumba ni virefu lakini vyembamba, visivyovuka mita 3 hivi, kwa kuwa boriti za mikoko hazikuruhusu zaidi. Mwanga huingilia kiwandani, yaani ule ua wa ndani ulio wazi, ukafika msana wa kwanza, ukumbi mrefu unaoukabili, ukiwa na nguvu, msana wa pili ukiwa umechoka, na chumba cha ndani hakipati ila baraka zake. Jicho la binadamu hudanganyika, huzoea giza na kuona kunatosha. Jani halizoei.

Pima hivi. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale chungu kinapokaa, kisha inua mkono wako juu yake kwa urefu wa shubiri moja. Ukiona kivuli chenye kingo unazoweza kuzifuata kwa kalamu, mmea hapo unakua na unastahili mbolea. Ukiona kivuli chenye ukungu, mpe nusu ya kile nitakachosema. Usipoona kivuli, usitie mbolea kabisa. Usogeze mmea, au uukubali ulivyo. Nina hakika pothosi zako mbili ziko msana wa pili au ndani zaidi. Zilizaliwa kitaluni chini ya wavu wa kivuli, mwangani. Ulipoziingiza ndani zikapiga hesabu zao zikaona haziwezi kuyalisha majani yote, ndipo zinapoyaachia yale ya chini. Zipeleke kiwandani, upande usiopigwa na jua la adhuhuri, uzipe wiki tatu bila kitu kingine. Hiyo ndiyo mbolea yao ya kwanza.

Tuje kwenye mfuko sasa. Kila mfuko wa mbolea una namba tatu zenye vistari katikati, na kwa mpangilio uleule dunia nzima: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, ambazo huandikwa N, P na K. Namba ni asilimia kwa uzito. DAP ni 18-46-0. Urea ni 46-0-0. Ile ya 17-17-17 ina zote tatu sawasawa, na kilo 50 zake zina kilo 8.5 za naitrojeni. (Kwa wapenda undani: P na K huandikwa kwa hesabu ya oksidi zake, kwa hiyo fosforasi halisi ni chini ya nusu ya namba unayoiona. Hilo halitakusumbua chunguni.) Naitrojeni ndiyo ya majani na kijani chake. Fosforasi ni ya mizizi na kuendesha nguvu ndani ya mmea. Potasiamu huongoza maji, ikaupa mmea uthabiti wa kuvumilia joto na ukame. Maua yanayopendwa kwa majani yake, kama yako yote isipokuwa mwasumini, yanahitaji naitrojeni na potasiamu kuliko fosforasi. Ndiyo maana DAP, yenye fosforasi 46 na potasiamu sufuri, ni mbolea ya kupandia mahindi. Mrudishie jirani kwa shukrani.

Dukani kwa mbolea na dawa za mimea uliza mojawapo ya hizi mbili. Ya kwanza ni unga wa kuyeyusha wa 20-20-20, au uliokaribiana nao, wenye madini madogomadogo ndani yake. Huuzwa kwa pakiti ndogo, huyeyuka bila kubakisha kitu, na ndiyo ninayoipenda kwa mtu anayeanza. Ya pili ni 17-17-17 ya punje, ambayo wenye duka wengi watakupimia hata robo kilo. Hii ya punje iloweke usiku kucha, asubuhi ichuje kwa kitambaa, maana haiyeyuki yote, na makapi yake usiyamwage chunguni bali chini ya mti wa nje.

Kipimo: kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa kwa ubapa wa kisu, ndani ya dumu la lita 5. Hicho ni takriban gramu 5, yaani ile gramu 1 kwa lita. Ukiwa na unga wa 20-20-20 punguza kidogo, kijiko kisijae. Kisha fuata utaratibu huu, maana wengi hukosea hapa kuliko kwenye kipimo. Siku moja kabla, mwagilia mmea maji matupu. Kesho yake mimina maji ya mbolea polepole kuzunguka udongo, si kwenye shina, mpaka yaanze kudondoka chini. Yaliyodondoka kwenye kisahani yamwage. Usiyaache yanyonywe tena. Usimpe mbolea mmea uliokauka kwa kiu: mizizi yenye kiu huyapiga mafundo makubwa yale maji makali, ikaungua. Usimpe mmea uliobadilishiwa chungu karibuni mpaka upite mwezi na nusu. Na usimpe mgonjwa. Mtu mwenye homa humlishi biriani.

Mara ngapi? Mara moja kwa mwezi kwa ulio mwangani, na mara moja kwa miezi mitatu kwa zamia na sanseviera. Utasoma kwingine kwamba ulishe kila wiki. Wanaoandika hivyo wana maji yasiyo na chumvi na vyumba vya vioo.

Na hapa ndipo penye moyo wa jibu langu, kwa sababu Lamu tatizo la kwanza si mbolea iliyokosekana. Ni chumvi iliyokwishaingia kabla hujafungua pakiti. Maji mnayokunywa hutegemea visima vya upande wa vichuguu vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani ikakaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kuliko hayo, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, na visima huchota kile kitandiko cha juu. Yakichotwa mengi kuliko mvua iliyoingia, munyu hupanda. Visima vya mjini vingi vina munyu tangu zamani; wengi mnaokoga nayo na kufulia mnajua sabuni inavyogoma kutoa povu. Kila unapomwagilia, maji huruka hewani, munyu ukabaki. Mwaka mmoja wa hivyo bila kuosha, na chungu kimekuwa jungu la chumvi.

Ule utandu mweupe juu ya udongo ni huo. Ncha za kangaga zilizokauka ni hizohizo, maana kangaga halina ngozi ngumu ya kujikinga na huwa la kwanza kulalamika. Ungelitilia mbolea ungelimaliza.

Kwa hiyo dawa ya vyungu vyako vyote, kabla ya mbolea yoyote, ni kuviosha. Paruza utandu ule kwa kijiko uutupe pamoja na kidole kimoja cha udongo wa juu. Kisha chukua maji baridi, yaani yasiyo na munyu, ya mvua yakipatikana, mara mbili ya ujazo wa chungu: chungu cha lita 3, maji lita 6. Yamimine kidogokidogo kwa muda wa nusu saa, yapenye na kutoka chini. Chungu kisicho na tundu chini hakioshwi. Kitoboe au kibadilishe, na makopo ya samli na ya rangi ninayoyaona madakani yana kosa hilohilo. Fanya hivyo kila baada ya miezi miwili. Masika ikifika, Mei inapomwaga kwelikweli, toa vyungu nje vipigwe na mvua asubuhi mbili tatu, ila usiviweke chini ya mlizamu wenyewe, utachimba udongo wote. Na mvua hiyo ikusanye. Madumu manne ya lita 20 yaliyofungwa vizuri yatakutosha kwa maji ya mbolea ya miezi mingi, maana maji ya kuchanganyia mbolea ndiyo hasa yasiwe na munyu. Ukilazimika kutumia ya kisima, kijiko kile kiwe nusu.

Kuna wanaotia ndimu au siki kwenye maji ya kisima. Kijiko cha chai cha siki kwa lita 5 hupunguza ukali wa chokaa iliyomo, lakini chumvi haiondoki. Ni vitu viwili tofauti. Chokaa ndiyo ile inayofanya gamba jeupe ndani ya birika la chai. Chumvi huionja ulimini. Maji ya Lamu huweza kuwa na vyote viwili.

Chokaa ndiyo kesi ya mwasumini wako. Jani la manjano si ugonjwa mmoja, na hapa inafaa utazame ni jani lipi. Majani ya zamani ya chini yakigeuka manjano jani zima, taratibu, mmea umepungukiwa naitrojeni: huitoa kwa wazee ukawapa watoto. Ya zamani yakiwa manjano katikati ya mishipa, aghalabu ni magnesiamu. Lakini majani mapya ya juu yakitoka manjano, mishipa ikabaki ya kijani kama uzi wa kofia, hiyo ni njaa ya madini ya chuma, kwa kuwa chuma hakihamishiki kutoka jani kuukuu kwenda jipya. Na cha ajabu, chuma kimo udongoni. Chokaa imekifunga, mmea hauwezi kukinywa. Ni kama ufunguo ulioanguka kisimani: unao, lakini huna.

Chokaa hiyo imetoka wapi? Tazama darini kwako. Kuta zimepigwa lipu ya chokaa ya matumbawe, inabanduka kila mwaka, na pipa liko chini yake. Na kama wengi wanavyofanya, ulipojaza pipa lile huenda ulichanganya mchanga wa ufukweni ili maji yapite. Mchanga wa ufukweni mara nyingi una makombe na matumbawe yaliyosagika, yaani chokaa na chumvi kwa pamoja. Usiutie chunguni kamwe. Ukihitaji mchanga, agiza wa mto. Huku Malindi tunatumia wa Sabaki.

Mwasumini ufanyie hivi: ondoa theluthi ya juu ya udongo wa pipa bila kukata mizizi minene, ujaze mboji iliyoiva. Sogeza pipa mbali na ukuta. Mwagilia maji ya mvua. Kisha tafuta mbolea ya chuma ya kelati, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali inayokilinda kisifungwe, na hapa soma pakiti vizuri. Iliyoandikwa EDDHA hufanya kazi hata kwenye udongo wa chokaa. Iliyoandikwa EDTA huko hufunguka mapema na chuma kikafungwa tena, kwa hiyo hiyo nyunyiza kwenye majani alfajiri, kwa kipimo cha pakiti kilichopunguzwa nusu. Majani yaliyokwisha kuwa manjano huenda yasirudi yote. Tazama yanayozaliwa baada ya wiki tatu. Mwasumini ukishapona ndio ulaji wako mkubwa, kwa sababu una jua la kutosha na unatoa maua. Upe lita moja ya yale maji ya mbolea kila wiki mbili, pipa likiwa kubwa hata lita 3. Ukitaka asumini za kutosha vikuba vya harusi, usizidishe naitrojeni peke yake. Utapata majani ya kulisha mbuzi, na ua hulioni.

Punda sasa. Yanafaa, lakini si kama yalivyo, na si ndani ya nyumba. Mavi mabichi ya punda yana joto yanapooza, yana mbegu za nyasi ambazo tumbo la punda halikuzisaga, na kwa punda wa mjini utakuta na vipande vya plastiki. Yana pia vijidudu vya pepopunda, ambavyo hukaa matumboni mwa wanyama hawa na udongoni. Jina lenyewe la maradhi limebeba punda. Vaa glavu, usishike ukiwa na kidonda, na watoto wasichezee. Jaza gunia au pipa lenye matundu, tabaka la mavi, tabaka la majani makavu, lowesha mpaka yawe kama kitambaa kilichokamuliwa, geuza kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi minne mpaka sita yatakuwa meusi, yamepoa, na yananuka udongo wa mvua ya kwanza. Yaoshe kwa maji baridi mara moja kutoa chumvi ya mkojo, kisha changanya fungu moja kwa mafungu manne ya udongo. Mwasumini utakushukuru, na mrehani pia ukiwa nao. Pothosi na kangaga za msanani zisipewe: gizani samadi hukaa na unyevu, ikazaa vile vidudu vyeusi vidogo vinavyoruka usoni kila ukipita.

Ya jikoni niyapitie mbiombio, maana najua utaulizwa. Maji ya kuoshea samaki: yana naitrojeni, ni kweli, lakini uko Lamu, na paka wa mtaa mzima watafukua vyungu vyako kabla ya adhana ya alfajiri. Maganda ya mayai ni chokaa, na chokaa unayo hata ya kuuza. Jivu la kuni lina potasiamu lakini huongeza ukali uleule wa chokaa, lisiguse mwasumini. Maganda ya ndizi ukiyaloweka hutoa potasiamu kidogo mno. Yatupe kwenye lile gunia la punda yaoze na wenzake. Machicha ya kahawa tungu vilevile. Maji ya kuoshea mchele hayadhuru mara mojamoja, yasiwe yametiwa chumvi. Maji ya birika la kuogea, lile lenye visamaki, ni mazuri, kama birika lenyewe si la munyu. Mwani ni mbolea ya kale na nzuri, ila uloweke na kuusuuza mara nne tano, usije ukaileta bahari chunguni kwa mkono wako.

Na kumvi za nazi, ambazo watu husifia kwa vyungu: nzuri sana zikitoka nazi kavu ya shamba. Lakini makumbi yaliyofukiwa kwenye matope ya bahari ili yaoze yasokotwe kamba yamekunywa munyu kwa miezi. Hayo waachie wasokota kamba.

Kuhusu majira, usifuate kalenda za Ulaya zinazosema acha mbolea kipupwe, kisha anza machipuko. Lamu iko zaidi kidogo ya digrii 2 kusini mwa Ikweta. Tofauti ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki nusu saa. Sisi kalenda yetu ni upepo na mvua. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, jua ni kali na mimea hukua ukiimwagilia, ila maji huruka upesi na chumvi hujilimbikiza, kwa hiyo nusu kipimo. Masika ni ya kuosha. Mbolea itapita na maji, subiri mvua itulie. Kusi ikivuma, Juni mpaka Agosti, kuna mawingu na ubaridi kidogo, mimea inapunguza mwendo. Lisha kila wiki sita. Septemba mpaka vuli ya Novemba ndio wakati wa kipimo kamili kila mwezi.

Zamia usiihurumie. Watu huinunua wakidhani imetoka ng'ambo, kumbe ni mwenyeji: asili yake ni Afrika ya mashariki na kusini, kuanzia pwani yetu ya Kenya. Chini ya udongo ina viazi vinavyoweka maji, na imezoea kungoja. Ndugu yake kwa tabia ni saintpaulia, kile kiua cha zambarau chenye majani ya manyoya kinachouzwa madirishani dunia nzima. Jina lake ni la Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa Tanga na kupeleka kwao mwaka 1892, lakini aina yake nyingine huota kwenye miamba ya chokaa ya Kaloleni, hapahapa Kilifi, ndani ya ufa, juu ya konzi moja ya majani yaliyooza. Hiyo ndiyo mbolea yake ya maisha. Nikikuambia nusu gramu kwa mwezi inatosha, usidhani nakubania.

Anza basi hivi: wiki hii kuosha vyungu na kuhamisha pothosi, wiki ya nne, pothosi zikitoa jani jipya, zipe maji ya mbolea ya kwanza kwa nusu kipimo. Kangaga likate majani yaliyokauka, likae karibu na birika la kuogea ambako hewa ina unyevu, lisipewe kitu mpaka vikonyo vipya vijikunjue. Zamia na sanseviera mpaka baada ya miezi mitatu.

Na udongo wa krotoni usiuhamishie chungu kingine, DAP ingalimo. Umwage nje kwenye shina la mnazi, uusambaze usirundike. Mnazi chumvi haiutishi, na fosforasi yote ile utaila polepole.